Kiwavi mwenye herufi Y kichwani: Kamera inapogeukia uani Juba

NA MWANDISHI WETU, JUBA

SAA kumi na mbili asubuhi ua wa nyumba ninayopanga mtaa wa Munuki huwa bado na ubaridi kidogo, na hiyo ndiyo saa pekee Juba inayokupa nafasi ya kuvuta pumzi kabla jua halijaanza kazi yake. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye udongo uliolowa, lenzi ikiwa sentimita nane au tisa kutoka kwenye moyo wa mmea wa mhindi, pumzi nimeibana. Nyuma yangu mama mwenye nyumba alikuwa amesimama na birika la chai.

"Wewe kijana ya Tanzania," aliniambia, "hiyo kitu inakula mahindi yangu, na wewe unapiga picha tu?"

Kiswahili chake alikipata Kakuma, alikoishi miaka kumi na moja. Anakizungumza kama anavyopika, bila kupoteza muda. Sikuwa na jibu. Lakini picha niliyoipiga dakika ile ndiyo iliyoamua yaliyofuata katika bustani yake, na ndiyo iliyonifanya niandike makala haya badala ya yale niliyotumwa.

Nilitumwa Juba kuandika habari za biashara: malori yanayopanda kutoka Nimule, ushuru, bei ya unga. Kamera nilikuja nayo. Wiki tatu za mwanzo haikutoka kwenye mkoba, maana Juba si mji wa kuchomoa kamera barabarani. Picha za mitaani zinahitaji kibali rasmi, na hata mwenye kibali huonywa na wenyeji mapema: daraja usipige, uwanja wa ndege usipige, jengo la serikali usipige, na mtu yeyote mwenye sare mwache apite. Mpigapicha anayetoka Arusha au Nairobi huhisi kama amefungwa mkono mmoja.

Mvua zilipoanza kukolea, ua ukajaa. Mama alikuwa amepanda mistari minne ya mahindi, bamia, na kitanda kirefu cha kudra, mboga ambayo kwetu tungeiita mlenda. Katikati kuna mwembe. Kwenye mwembe kuna chungu wekundu wanaoshona majani kwa nyuzi za hariri zinazotolewa na watoto wao. Kule Pwani na Zanzibar huitwa maji moto, na ukishaumwa hutauliza kwa nini. Juu ya bamia kuna vunjajungu. Kwenye ndoo ya maji kuna kereng'ende. Hakuna hata mmoja wao anayeuliza kibali.

Milimita moja tu

Wengi wanaojaribu kupiga picha za wadudu huacha baada ya siku mbili, wakidhani kamera yao ni mbovu. Mara nyingi kamera haina kosa. Kosa ni kwamba kwa karibu hivyo sheria za picha hubadilika, na hakuna aliyewaambia.

Mpigapicha wa makro huhesabu kwa uwiano. Mdudu wa sentimita moja akichukua sentimita moja kamili kwenye sensa ya kamera, huo ni uwiano wa 1:1. Lenzi halisi za makro hufika hapo bila shida, lakini ni ghali. Mimi natumia lenzi ya zamani ya milimita 50, ya mitumba, niliyoigeuza nyuma mbele na kuifunga kwenye kamera kwa pete ya chuma ya bei ndogo. Lenzi iliyogeuzwa hufanya kazi kama kioo cha kukuzia. Sharti ni moja: iwe na pete yake yenyewe ya kuzungusha tundu, kwa sababu ikishageuzwa haizungumzi tena na kamera. Lenzi nyingi za kisasa hazina pete hiyo. Na uangalie vumbi. Upande wa nyuma wa lenzi, ambao haukutengenezwa kukaa nje, sasa ndio unaotazama dunia, na vumbi la Juba wakati wa kiangazi huingia hata kwenye sukari.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kufungua tundu la lenzi hadi mwisho, kama ninavyofanya nikipiga picha za watu. Nilipata jicho moja la chungu likiwa kali kama sindano. Mwili wote uliobaki ulikuwa ukungu. Kwenye uwiano wa 1:1, sehemu inayoonekana wazi mbele hadi nyuma ni nyembamba ajabu. Hata ukibana tundu hadi f/11 unapata kama milimita moja. Ukilifungua hadi f/2.8 unabaki na theluthi ya milimita, yaani chini ya unene wa ukucha wako.

Basi nikaenda upande wa pili, nikabana hadi f/22. Kila kitu kikaingia kwenye picha na kila kitu kikawa butu. Mwanga ukilazimishwa kupita kwenye tundu dogo mno husambaa, na kwa karibu hali huwa mbaya zaidi kuliko namba inavyosema: kwenye 1:1, f/11 hufanya kazi kama f/22. Kwa hiyo sasa nakaa kati ya f/8 na f/11, na silisogezi tena.

Gharama yake ni giza. Kwenye uwiano huo sensa hupata robo tu ya mwanga ambao ingepata kwa kitu cha mbali. Ukipandisha ISO hadi 3200 unapata picha, lakini imejaa chenga, na chenga hizo hufuta vinyweleo na madoa ambayo ndiyo sababu ya kupiga magoti. Ukipunguza kasi ya shata, upepo kidogo tu unayumbisha jani na kazi imeharibika.

Dawa ni flashi. Si flashi tupu, maana mgongo wa mbawakawa ni kama kioo, utakurudishia doa jeupe na weusi pande zote. Mwanga lazima ulainishwe. Nilikata ubavu wa dumu jeupe la mafuta ya kupikia, la lita tano, nikalikunja juu ya lenzi kama paa la kibanda na kulifunga kwa mpira wa bendi. Watu hununua vifaa vya kazi hiyo kwa bei ambayo ingelisha familia hapa kwa wiki. Dumu la mama lilikuwa bure, ingawa alilidai siku mbili.

Mpangilio wangu wa kila asubuhi ni huu: kamera kwenye mkono, yaani manyuo, f/11, shata 1/200, ISO 200, flashi kwenye moja ya kumi na sita ya nguvu yake. Shata haivuki 1/200 kwa sababu kamera nyingi zikivuka hapo karibu na hapo hukupa utepe mweusi kwenye picha. Usihofu kwamba kasi hiyo ni ndogo. Flashi ikiwa kwenye nguvu ndogo humulika kwa muda mfupi mno, kiasi cha kugandisha bawa la nyuki, na ni mwanga huo unaochora picha, si shata. Ubaya wake ni mandhari kuwa nyeusi kama usiku. Nikitaka kijani cha bustani kionekane nyuma, nashusha shata hadi 1/60 na kupandisha ISO hadi 400, naomba upepo usije.

Fokasi naiacha. Nasema hivyo makusudi: usizungushe chochote. Unaamua ukubwa unaoutaka, halafu unausogeza mwili wako mbele na nyuma kama mtu anayesikiliza taarabu, na kubonyeza pale jicho la mdudu linapokuwa kali. Kilichonisaidia zaidi ya kifaa chochote ni kulishika jani kwa mkono wa kushoto na kuilaza lenzi juu ya mkono huohuo. Jani likiyumba, kamera nayo inayumba pamoja nalo, na umbali haubadiliki. Kati ya picha arobaini napata mbili. Kuna wanaounganisha picha ishirini kwa kompyuta ili kupata mdudu mzima aliye wazi kuanzia papasi hadi mkia. Matokeo ni mazuri. Mimi sina subira hiyo, na umeme wa mtaani kwetu pia hauna.

Kwa nini alfajiri? Mdudu hana joto lake mwenyewe. Hulipata kutoka juani. Kabla jua halijapanda amepoa, miguu mizito, na unaweza kumkaribia kama mtu aliyelala. Saa tatu asubuhi atakuwa ameondoka kabla hujainama. Hapa mpigapicha aliyezoea Nairobi au Dar arekebishe saa yake: tangu Februari 1, 2021 Sudan Kusini iko nyuma yetu kwa saa moja, ikiwa nchi ya Jumuiya ileile. Katika miezi ya joto tofauti hiyo huna muda wa kuichezea. Machi 2024 joto lilipanda hadi serikali ikafunga shule, na Februari 2025 zikafungwa tena.

Wapo wanaomweka mdudu kwenye friji dakika kumi ili atulie. Sipendi. Ukitaka mdudu aliyetulia, amka mapema.

Kubwa kuliko kioo cha simu

Asubuhi ile ya birika la chai sikujua ninachokitazama. Niliona kiwavi wa rangi ya kahawia aliyejikunja ndani ya moyo wa mhindi, akizungukwa na kinyesi chake kinachofanana na vumbi la mbao la kwa seremala. Kwa macho alikuwa kiwavi tu, kama sentimita mbili. Viwavi wa mahindi ni wengi, na wengi wanafanana.

Nilipoikuza picha kwenye kioo cha kamera, kichwa kilijaza kioo chote. Katikati ya paji lake palikuwa na mstari mweupe uliogawanyika, kama herufi Y iliyosimamishwa kichwa chini. Nikasogea hadi mkiani. Kwenye pingili ya pili kutoka mwisho kulikuwa na madoa manne meusi, yamepangwa pembe nne kama madoa ya dadu.

Nina rafiki tuliyesoma naye chuo ambaye sasa ni bibi shamba katika wilaya moja ya Morogoro. Nilimtumia picha kwa WhatsApp. Akajibu kwamba haoni kitu, picha imefifia. Hapo nikakumbuka: programu hiyo huikandamiza picha unapoituma kwa njia ya kawaida, na madoa yote niliyoyapigia magoti yakaishia njiani. Nikaituma upya kama faili. Baada ya dakika chache akaandika maneno mawili: "Ndiye mwenyewe."

Kiwavijeshi vamizi. Asili yake ni mabara ya Amerika. Mwanzoni mwa 2016 alithibitishwa Afrika Magharibi, na mwaka uliofuata alikuwa ameshaonekana Kenya, Uganda, Tanzania na hapa Sudan Kusini. Nondo wake huweza kuruka hadi kilomita 100 kwa usiku mmoja. Aprili 15 ya mwaka huohuo wa 2016 Sudan Kusini ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, pale Dar es Salaam. Mabwana wa forodha wakiwa bado wanalinganisha makaratasi, nondo alikuwa ameshamaliza safari.

Nilimweleza mama. Alinisikiliza, kisha akaingia ndani na kurudi na chupa ndogo ya plastiki, maji yake ya rangi ya maziwa, bila lebo. Aliuziwa sokoni juzi yake; muuzaji alimwambia inaua kila kitu. Alikusudia kuinyunyiza jioni ile. Mistari ya mahindi iko hatua moja kutoka kwenye kudra, na kudra tunaila karibu kila siku. Wajukuu wake wawili, mmoja wa miaka mitatu, hucheza katikati ya mistari hiyo tangu asubuhi hadi wanapoitwa kuoga.

Nilimpigia bibi shamba na kuweka simu kwenye spika. Walizungumza wao wawili, mimi nikawa mshika simu. Kiwavi akishakuwa mkubwa, alisema, hujificha ndani ya moyo wa mmea na kuziba mlango kwa kinyesi chake. Dawa hata ikiwa halali haimfikii vizuri, itaishia kwenye mboga. Kwa mistari minne, mikono inatosha. Apite asubuhi na jioni, aangalie chini ya majani kama kuna mayai yaliyofunikwa na kitu kama pamba chafu, maana rundo moja huwa na mayai mia moja hadi mia mbili, ayasage kwa vidole. Viwavi wadogo awaue vivyo hivyo. Kwenye moyo wa mmea atie udongo mkavu au majivu kidogo.

"Na hiyo chupa?" mama aliuliza.

"Hiyo chupa, mama, usiifungue kabisa. Iweke mbali na watoto."

Chupa ilifungwa kwenye mifuko miwili na kuwekwa juu ya paa la stoo. Ipo mpaka leo. Juba sijapata mahali pa kupeleka chupa kama hiyo, na hilo ni makala jingine.

Ukanda huu una vifaa vya kazi hii kuliko watu wengi wanavyojua. Mwaka 2018 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa programu ya simu ya kufuatilia kiwavi huyu, na pamoja na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania cha Marekani likatoa nyingine iitwayo Nuru, ambayo mkulima huielekeza kamera ya simu kwenye jani ili imwambie kama uharibifu ule ni wa kiwavi huyo, hata pasipo intaneti. Februari 2020 nzige wa jangwani walipovuka kutoka Uganda hadi Magwi, kusini mwa nchi hii, simu za mkononi nazo zilikuja kutumika katika ukanda huu kutuma taarifa za mahali walipoonekana. Nairobi kuna kituo cha utafiti wa wadudu, ICIPE, kilichoanzishwa mwaka 1970 na Mkenya Thomas Odhiambo. Ndiko ulikokuzwa mtindo wa kupanda mahindi pamoja na desmodiamu inayowafukuza wadudu, na kuzungushia majani yanayowavuta nje ya shamba. Utafiti uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba mtindo huo hupunguza viwavijeshi vamizi kwa zaidi ya asilimia 80.

Lakini vyote hivyo huanza na mtu anayeweza kuona. Na picha nyingi zinazotumwa kwa maofisa wa kilimo, bibi shamba aliniambia, ni za jani zima lililopigwa mchana kweupe, kiwavi akiwa doa. Huhitaji kamera yangu. Lenzi ndogo ya kubana kwenye simu inatosha. Usogee hadi sentimita mbili au tatu, na uweke mgongo kwenye jua ili kivuli chako kisimfunike mdudu. Simu nyingi za bei nafuu zimeandikwa kwamba zina kamera ya makro, ya megapikseli 2. Hiyo achana nayo. Tumia kamera kuu pamoja na lenzi ya kubana, au piga kwa umbali kidogo halafu ukate picha. Piga kichwa, piga mkia, piga kinyesi. Halafu tuma kama faili.

Flashi yangu, kwa upande mwingine, ilikaribia kunitia matatani. Asubuhi moja geti liligongwa kwa nguvu. Alikuwa mlinzi wa ua wa jirani, kijana mrefu, ameona mimuliko juu ya ukuta siku nne mfululizo na alitaka kujua nani anapiga picha, na ya nini. Niliona mkoba wangu, pasipoti yangu na kazi yangu vikipita mbele ya macho. Mama alitoka na kuzungumza naye Kiarabu cha Juba, maneno mengi, kisha akanigeukia: "Muonyeshe."

Nikamwonyesha maji moto, kichwa kimejaza kioo, taya zimefunguka. Alirudi nyuma nusu hatua. "De shunu?" aliuliza, hiki nini? Mama akanyoosha kidole kwenye mwembe. Kijana aliutazama mti ambao amekaa kivulini mwake mwaka mzima, akaitazama tena kamera, akacheka.

Kesho yake aligonga tena, taratibu. Mkononi alikuwa na kiberiti. Ndani yake kulikuwa na mdudu mwembamba, mweusi na machungwa kwa zamu, mabawa mafupi kama kizibao. Nilimwomba aweke kiberiti chini polepole. Alikuwa yule tunayemwita nzi wa Nairobi, ambaye si nzi bali ni mbawakawa; hang'ati wala hachomi, lakini ukimsaga kwenye ngozi maji yake huunguza na kuacha malengelenge kwa siku kadhaa. Kijana alikuwa amemshika kwa vidole vitupu, kwa bahati bila kumbana. Alinawa kwa sabuni, nami nikampiga mdudu picha kumi na mbili na kumwachia kwenye majani nje ya ukuta. Sijui kama nilifanya vyema kumwachia.

Mahindi ya mama hayakupona yote. Mstari wa mwisho karibu na ukuta, ulioliwa kabla hatujajua, ulibaki mashina. Mistari mitatu ilibeba. Kila jioni, baada ya kuzima mkaa, alipita mmea kwa mmea na taa ya simu, akihesabu kwa sauti aliowaua. Siku ya kwanza walikuwa 61. Wiki ya pili hawakuvuka kumi.

Dada yake anaishi Kitale, Kenya, na amekodi kipande cha shamba huko. Mama alinitaka nimtumie ile picha ya kichwa, kwa njia ya faili, "si ile njia ingine ya ukungu". Siku mbili baadaye dada akajibu kwa ujumbe wa sauti na picha. Sauti ilisema kwamba na kwake yuko mmoja, lakini hajui kama ni huyu. Picha ilikuwa imetikisika, kiwavi ametokeza kama moshi wa kahawia. Nimemwandikia ajaribu tena alfajiri, na alishike jani kwa mkono wa kushoto.